Idi ya Pangani Katika Jiko la Ujiji: Namna ya Kuhamisha Mlo wa Sikukuu

Mkesha wa Idi yetu ya kwanza Kigoma, Julai 2016, nilivunja nazi kumi na mbili, saba zikawa zimeoza. Nilikuwa nimeziagiza pwani kwa mtu wa malori tangu katikati ya Ramadhani. Zikakaa njiani, zikakaa kwenye stoo za watu, zikanifikia siku moja kabla ya mwezi kuandama. Nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi uani, nazi tano nzima ziko kando yangu, kesho yake nina wageni kumi na wanne, machozi yananitoka. Mwanangu wa kwanza, wakati huo ana miaka sita, akaniuliza kama Idi imefutwa.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, fundi cherehani. Baba watoto ni mtu wa reli, na reli ndiyo iliyotuleta huku, mwisho kabisa wa njia, pale ilipofika mwaka 1914 ikakutana na ziwa. Tangu mkesha ule nimepika Idi za mfungo mosi, yaani za kumaliza Ramadhani, na za mfungo tatu, yaani za kuchinja, hapahapa Ujiji kila mwaka. Mengi nimefundishwa na bibi mmoja jirani yetu, Mmanyema aliyezaliwa mtaa huuhuu, na mengine nimejifunza kwa kuharibu. Naandika kwa ajili ya mtu aliyehamia mkoa mgeni kwa kazi au kwa ndoa, sikukuu inakaribia, na hajui abandike sufuria ya nini. Mifano yangu ni ya Idi na ya Kigoma kwa sababu ndiyo ninayoijua.

Usianze sokoni

Kaa kwanza na watu wa nyumbani. Kila mmoja ataje chakula kimoja ambacho kisipokuwepo yeye hataiona sikukuu. Kimoja tu, maana ukiruhusu viwili vitakuja kumi.

Mimi swali hili nilimuuliza mama kwa simu, usiku uleule wa nazi mbovu. Nilimsomea orodha yote: wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilau, tambi, kaimati, vitumbua, mkate wa kumimina. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, nyumba hii Idi ni wali wa nazi. Hayo mengine tulipika kwa kuwa yalikuwepo. Kaimati tulipika kwa ajili ya shangazi yako, ndiye aliyezijua. Samaki tulipika kwa sababu baba yako alikuwa anatoka baharini."

Nililala nikiwa nimetulia. Kumbe nilikuwa nimebeba meza nzima kichwani, na kilichonipasa kubeba ni sufuria moja. Nazi tano zilitosha wali. Samaki walipatikana ziwani, tambi ziko madukani kila mahali, kaimati nikaziacha. Mwaka ule baba watoto alitaja pilau, watoto wakataja tambi, na hivyo vitatu, wali, pilau na tambi, ndivyo nguzo za Idi yetu hadi leo. Kila kitu kingine kimebadilika, na kimebadilika kwa kufuata Kigoma.

Hilo ndilo ninaloliamini. Chagua mapema vichache vya kung'ang'ania, uving'ang'anie kwa nguvu zote, na vingine viache vifuate ardhi na maji ya pale ulipo. Nimeona dada zetu wa pwani wakijaribu kuhamisha kila kitu. Mwaka wa kwanza wanafaulu kwa gharama kubwa, wa pili wanachoka, wa tatu wananunua kuku wa kukaanga na soda na sikukuu imekwisha. Nimeona pia wanaoacha vyote mara moja, na watoto wao hawajui kwao wanakula nini.

Nguzo yangu: wali wa nazi mbali na minazi

Nazi Kigoma zipo, ila zimesafiri, na bei yake inaonyesha safari hiyo. Kwa hiyo kununua nazi huku ni kazi ya macho na masikio. Itikise karibu na sikio: ikilia maji ni nzima, ikinyamaza inaelekea kuwa mbata, ambayo tui lake ni kidogo na lina harufu ya mafuta. Geuza utazame yale macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe. Mwombe muuzaji akuvunjie moja palepale, na uionje kabla ya kulipia zilizobaki. Wauzaji wa Soko la Mwanga wameshanizoea kwa hilo.

Nunua wiki tatu kabla. Mwenye friji azikune zote, agandishe kwenye vikopo vyenye mfuniko, kila kikopo nazi moja ili hesabu isipotee. Asiye na friji anunue moja moja kila wiki na aziweke pakavu penye hewa. Asizifunge kwenye kiroba, kwani ndivyo zangu saba zilivyooza.

Pangani kilo moja ya mchele tulikuwa tunaipa nazi mbili bila kufikiri. Ujiji kilo tatu naziandalia nazi nne, na wageni hawajawahi kugundua, kwa sababu ya mpangilio wa tui. Kamua tui la kwanza kwa maji ya vuguvugu machache sana, liweke kando kwenye bakuli, lifunike. Kamua la pili na la tatu, hayo mepesi ndiyo ya kuchemshia mchele pamoja na chumvi. Maji yakikaribia kukauka na vitundu vimeanza kuonekana juu ya wali, mwaga lile tui zito juu kwa kuzungusha, usikoroge. Funika, punguza makaa ya chini, palia ya juu. Tui zito likikaa juu hivyo, mtu akifunua sufuria linakuwa la kwanza kumpiga puani, na ule utamu unabaki mdomoni.

Uliza pia mchele wako umevunwa lini. Mchele mpya hunywa maji kidogo, wa zamani hunywa mengi. Pwani nilikuwa namjua muuza mchele wangu na sikuwa na haja ya kuuliza. Huku niliwahi kutoa bokoboko siku ya Idi kwa kutouliza.

Giza na mbalamwezi

Hapa ndipo Kigoma iliponifundisha jambo ambalo sikulijua, mimi mtoto wa mvuvi.

Idi ya mfungo mosi ya mwaka ule wa kwanza nilipata dagaa wabichi tele, wanang'aa kama sindano mpya. Nikawakaanga wakavu na ndimu, wageni wakawamaliza kabla ya wali kutoka. Nikasema hiki ni chakula chetu cha Idi sasa. Ilipofika Idi ya mfungo tatu, Septemba, nikatuma kijana Kibirizi, mwaloni wanakoshukia wavuvi, alfajiri na ndoo. Akarudi na ndoo tupu. Nikadhani amelala njiani. Nikaenda kumlalamikia bibi jirani, naye akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo mwezi una siku ngapi?"

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za sola na za betri. Mwanga unawakusanya dagaa juu ya maji, wavu unawanyanyua. Lakini mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi inakosa nguvu ya kuwaita, na mitumbwi hupumzika ufukweni huku watu wakitengeneza nyavu. Siku hizo huitwa mbalamwezi, na siku za kazi huitwa giza.

Sasa tazama Idi zetu mbili. Idi ya mfungo mosi haiji mpaka mwezi uandame, kwa hiyo siku zote inaangukia kwenye giza, wakati mitumbwi iko kazini. Idi ya mfungo tatu ni tarehe kumi ya mwezi: mwezi umeshapita nusu, unaelekea kujaa, mbalamwezi imekaribia au imeshaingia. Kalenda ya Kiislamu na kalenda ya mvuvi wa Kigoma zinafuata mwezi uleule mmoja. Nilipoelewa hilo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimefunga na kufungua kwa mwezi huo tangu utotoni, na sikuwahi kuuhusisha na ndoo ya dagaa.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Idi ya mfungo mosi ni Idi ya dagaa wabichi: siku ya mwisho ya Ramadhani natuma mtu mwaloni alfajiri, Kibirizi au Katonga au hapahapa Ujiji, kutegemea upepo ulivyokuwa usiku. Idi ya mfungo tatu ni ya mbuzi, na dagaa wakiwepo ni wakavu, niliowanunua kwenye giza la mwisho wa mfungo pili, mwezi unaotangulia.

Mwaka 2024 kuwahi zaidi ya hapo ndiko kulikoniokoa. Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na Idi ya mfungo tatu iliangukia Juni. Nilikuwa na dagaa wakavu ndani tangu Aprili. Ukiwa unaishi kando ya ziwa hili, kuna tarehe za mwezi na kuna tarehe za serikali, uliza zote mbili kabla ya kupanga chakula.

Dagaa wakavu wachague kwa mkono. Mzuri ana rangi ya fedha na anakatika kwa mlio. Wenye rangi ya kahawia wamenyeshewa wakiwa hawajakauka, na ukiwakaanga harufu inajaa nyumba. Huku mvua ni msimu mmoja mrefu, inaanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, tofauti na pwani tuliozoea masika na vuli. Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ile ya kwanza yangu ilikuwa Julai, jua kali. Ya 2024 ilikuwa 10 Aprili, mvua tupu. Kwa hiyo siku hizi nauliza pia kama dagaa wameanikwa juu ya chanja au chini, kwa sababu waliokaushwa chini huja na mchanga, na mchanga haumalizwi hata na maji matatu.

Mawese yana adabu zake

Mgeni yeyote wa Kigoma atakutana na mawese siku ya kwanza, na wengi wetu wa pwani tunayakosea kwa kudhani ni mafuta tu, unamimina na kuendelea. Mimi niliyamimina mabichi juu ya samaki wa kupaka, nikitaka rangi. Chakula kikawa na ladha nzito ya mbegu mbichi, na wageni kwa heshima yao wakala pembeni pembeni.

Bibi alinifundisha uani kwake, akiwa kwenye kigoda, sufuria ndogo juu ya jiko la mkaa. Alimimina mawese yakiwa baridi, mazito kama uji kwa sababu ilikuwa asubuhi. Yakayeyuka. Yakaanza kutoa povu na kurukaruka, maana yana maji ndani. "Subiri," akasema. Povu likapungua, kelele ikapungua, na harufu ikageuka, ile ya ubichi ikaondoka ikabaki harufu tamu iliyokaribia ya karanga. Hapo ndipo akatia vitunguu. Rangi yake ilibaki nyekundu ya machungwa iliyoiva. "Ukiyaacha mpaka yatoe moshi na kupauka, umeyaua. Ukiyawahi kabla povu halijatulia, yatakuua wewe tumbo." Sijayakosea tena tangu siku hiyo.

Jambo la pili alilonifundisha ni wapi pa kuyatia. Mawese yanataka mwenzake mzito: maharage, ndizi, dagaa, majani. Hayataki wali wala pilau, yanameza harufu ya viungo vyote, na nimejaribu. Kwa hiyo usiyaweke mahali pa nazi kwenye kila chakula. Tafuta chakula ambacho mawese yanakistahili.

Kwangu chakula hicho kilikuwa kisamvu. Kwetu Pangani kisamvu ni cha nazi. Huku majani yaleyale ya muhogo yanaitwa sombe, na ni ya mawese. Namna ninayopika: chuma majani machanga ya juu, yatwange kwenye kinu hadi yawe laini kabisa, yachemshe bila kufunika kwa saa nzima au zaidi. Usikate kona hapo. Majani ya muhogo yana sumu, na inatoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha. Maji yakikaribia kukauka, andaa mawese pembeni kama bibi alivyosema, tia vitunguu, dagaa wakavu uliowakaanga kidogo bila mafuta, kisha mimina vyote kwenye majani na chumvi. Natumia chumvi ya Uvinza, ya mkoani hapahapa, inayotokana na maji ya chumvi ya ardhini. Koroga, acha juu ya moto mdogo mpaka mafuta mekundu yaanze kuonekana pembeni.

Nakipika siku ya pili ya Idi, wageni wa heshima wakishaondoka na tumebaki sisi kwa sisi. Tunakila kwa ugali wa muhogo, ambao kwetu Tanga tunauita bada. Siku nilipoupika mara ya kwanza nilishangaa: bada ile ile ya bibi yangu mzaa mama, nimeikuta kando ya ziwa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini. Ndiyo sababu nasema chunguza jiko la wenyeji kabla ya kulia. Huenda nusu ya chakula chako kimetangulia kufika.

Samaki wa kupaka, kwa samaki wa hapa

Kwa ajili ya mwenye hamu kama yangu. Usitafute yule samaki wa bahari aitwaye changu, hayupo. Tafuta kuhe, nyama yake nyeupe na nene, inavumilia makaa. Ni ghali, kwa hiyo nanunua mmoja mkubwa tu, na migebuka ya kukaanga inajaza meza. Mgebuka ni mrefu mwembamba, mtamu sana, ila ukimgeuza ovyo juu ya wavu wa kuchomea anavunjika.

Mchane kuhe mbavuni, mpake chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Mwache saa moja. Mchome mpaka ngozi ikauke. Rojo langu la Pangani lilikuwa tui zito tupu. La Ujiji ni kikombe kimoja cha tui zito na vijiko vinne vya karanga zilizokaangwa, kumenywa na kutwangwa hadi zitoe mafuta, pamoja na bizari na kitunguu kilichosagwa. Pika taratibu ukikoroga, karanga hushika chini upesi. Epua ndipo utie maji ya ukwaju. Mpake samaki upande huu, mrudishe kwenye moto, mpake upande wa pili. Karanga nilizianza kwa ajili ya kubana nazi, na sasa hata nikiwa na nazi za kutosha natia karanga. Kaka yangu alipokuja kutoka Tanga aliuliza nani amenifundisha, nikamwambia uhaba.

Fitiri, na muda

Pangani tulikuwa tunatoa zaka ya fitiri kwa mchele bila swali. Hapa nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu, akanieleza kuwa pishi moja kwa kila mtu wa nyumbani, karibu kilo mbili na nusu, hutolewa katika chakula kikuu cha watu wa mji ulipo, na itoke kabla ya swala ya Idi. Maneno hayo yalinipa nguvu. Ikiwa sadaka yenyewe inafuata chakula cha mji ulipo, meza yangu nayo haina kosa kuufuata.

Kuhusu muda: mimi fundi cherehani silali wiki ya mwisho ya Ramadhani, kila mtu anataka gauni. Kwa hiyo vitu vyote vinavyokaa navimaliza mapema. Viungo vya pilau vimesagwa kumi la kwanza, nazi zimegandishwa kumi la pili, karanga zimetwangwa kumi la mwisho. Mkesha nabaki na nyama, vitunguu na dagaa tu.

Sahani zinazovuka ua

Nimeacha hili mwisho lakini ndilo lililotufanya tuwe wenyeji. Idi ya kwanza nilipeleka sahani ya wali na samaki nyumba nne za jirani, kama tunavyofanya kwetu. Moja ni ya mama mmoja kutoka Kasulu, Mkristo. Sahani yake haikurudi siku ile, wala wiki ile. Nilinung'unika moyoni. Ikarudi siku ya Krismasi, imejaa ndizi zilizopikwa na maharage na mawese, na juu yake maembe mawili ya Ujiji.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya Krismasi, alimtuma mwanawe na kuku watatu. "Mama anasema baba aje awachinje, ili na nyie mle." Hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo. Tangu hapo kuku wake wa Krismasi wanachinjwa uani kwetu, na mbuzi wetu wa mfungo tatu anachunwa na mume wake, mwenye mkono mzuri kuliko wote mtaani.

Kwa hiyo ukifika mgeni, usisubiri kualikwa. Toa sahani ya kwanza wewe, hata kama ni ya tambi tu, na usihesabu siku za kurudi kwake. Ukipelekewa chakula usichokizoea, kile mbele ya watoto, na ukimkuta mwenyewe kesho yake muulize alivyokipika. Ndizi za mama yule sasa ni chakula chetu cha asubuhi ya Idi, mahali pa vitumbua. Watoto walizitaja wenyewe tulipouliza tena lile swali la chakula kimoja.

Maana swali hilo nalirudia kila mwaka, wiki moja kabla ya Ramadhani, na majibu naandika kwenye daftari la vipimo vya nguo, kurasa za nyuma. Humo naandika pia tulipika nini, watu wangapi, kipi kilibaki, nazi zilikuwaje, giza lilianza lini. Mwanangu yule aliyeuliza kama Idi imefutwa, miaka miwili mfululizo ametaja dagaa wabichi. Mdogo wake aliyezaliwa hapa ametaja sombe. Mimi bado nataja wali wa nazi.

Ukirudi kwenu

Tukienda Pangani kwa sikukuu, mzigo sasa unakwenda upande wa pili. Mama anaagiza dagaa, na watoto hawaendi bila mawese. Dagaa wakaushwe jua la siku moja zaidi kabla ya kufungwa, wawekwe kwenye kiroba cha kupumua, kamwe si plastiki, kwani safari ya treni hadi Dar es Salaam peke yake inakula karibu siku mbili. Mawese yatiwe kwenye dumu lisilojaa kabisa, acha vidole vinne juu, maana yakipata joto la njiani yanayeyuka na kupanda. Kata kipande cha nailoni, kiweke juu ya mdomo wa dumu, ndipo ufunge kifuniko. Lisimamishe, lizungushie kanga kuukuu, na usiliweke kwenye begi moja na nguo za Idi.